Nafasi ya Mjinga

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba kikohozi chake kimemwachia walau alale. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile: asubuhi napanda ngazi ya winchi, jioni nashuka, na kati ya hayo napitisha vyuma juu ya vichwa vya watu. Kipenga, yule mwenzangu anayesimama chini na kunielekeza kwa mikono na filimbi, anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mtu aliyenifundisha kushika bisibisi lazima awe mkali kuliko pilipili, maana mimi nikiona nati imelegea nagombeza hadi mnyororo.

Nimekuja kwako na shida ya ufundi. Nilikuandikia kwamba nimeunda ndege ya kuelea, isiyo na injini, ambayo hurushwa kwa mkono kutoka kilima cha matangi ya maji na kuongozwa kwa rimoti. Mabawa yake yakinyooshwa ni marefu kuliko mimi nikilala. Upepo unaopanda kilima huibeba, nayo hukaa juu kimya kama mwewe. Sasa nataka kuitia taa, zile ndogo za LED. Nilianza mwenyewe: nikabandika utepe wa taa chini ya mabawa, nikachukua umeme kwenye betri ile ile inayolisha risiva, yaani kisanduku kinachopokea amri za rimoti. Taa ziliwaka. Lakini nilipogusa usukani, mota zake zilitetemeka kama mtu mwenye homa, kisha zikakataa kabisa. Bahati nzuri ndege ilikuwa bado mezani.

Nifanyeje? Nazitaka taa hizo mapema. Mimi hutoka kazini jioni, na giza linaingia haraka siku hizi.

Bado natumia jina ulilonipa karakanani, kwa kuwa kila msumari uliopotea ulikutwa mkononi mwangu.

Mpwa wako,
Sumaku


15 Februari

Mpwa wangu Sumaku,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalisomeka. Kikohozi cha mkaza mjomba wako kimepona, na sauti yote iliyokuwa imezibwa sasa inanishukia mimi. Leo ameniuliza kwa nini nimeitoa balbu ya ukumbini na kuweka iliyo kali zaidi, wakati sote tunaoishi humu tunaona. Kiti cha mama yako bado kiko pale pale penye kona, pale alipokuwa akikishika kabla ya kukata kona kuingia chumbani. Sina maana yoyote kulitaja jambo hili. Nilikuwa nakifuta vumbi.

Sasa, ufundi. Ulichofanya ni kosa, nami ningekukuta nalo karakanani ningekuondoa mezani. Taa ni mlafi. Ukimkalisha mlafi sahani moja na mgonjwa, mgonjwa atalala njaa. Risiva ikikosa umeme angani, ndege haina tena mwenyewe. Ni jiwe lenye mabawa. Kwa hiyo: taa ziwe na betri yake, swichi yake na nyaya zake, zisigusane kabisa na za usukani. Kila taa iwe na rezista yake ya kuubana umeme, maana taa ya LED haijui kushiba; usipoibana, hula mpaka ijiue. Nyekundu iwe bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, ili ujue ndege inakuja au inakwenda.

Nakuomba usinipigie simu kuhusu haya. Maelezo ya umeme hayatolewi kwa simu. Msikiaji huitikia ndiyo, ndiyo, halafu huunguza. Tena nyumbani kwetu simu imekuwa ya misiba, na siku hizi ikilia mimi hukaa kitini kwanza ndipo niipokee.

Nina swali moja. Umeandika kwamba giza linaingia haraka siku hizi. Nimetazama huku kwetu, jua linatua saa ile ile. Wenzako mnaorusha nao kilimani, saa hizo, wao huiona ndege bila taa? Nijibu hilo peke yake.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa habari za mkaza mjomba. Mwambie namtetea wewe usikie, na nakutetea yeye asikie.

Nimekuelewa kuhusu betri mbili. Nimeshang'oa ule utepe wote na mabawa yamebaki na makovu ya gundi. Lakini nakuomba unifungie wewe nyaya hizo na kunitumia. Siku hizi mikono yangu haitulii. Nikishika pasi ya lehemu, tone linadondokea pembeni.

Huku kuna habari. Msimamizi ametangaza kwamba kuanzia Julai kutakuwa na zamu ya jioni, na sisi wenye winchi tutapokezana. Wenzangu wamefurahi kwa sababu jioni hakuna jua la kukaanga kibanda. Mimi pia nimefurahi. Wiki iliyopita niliteleza kidogo nikishuka, ngazi ilikuwa na mafuta. Nilining'inia kwa mkono mmoja, mguu ukatafuta kidato na usikione. Hakuna aliyejua isipokuwa Kipenga, naye kwa utani wake akaniuliza kama nafanya mazoezi ya sarakasi. Ananitania sana. Juzi alisimama kwenye kivuli cha kontena na kunipungia nisimamishe mzigo, sikumwona, akapiga filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nilipofika chini akaniambia, "Siku hizi malkia wa juu huitiki mpaka upigiwe mara tatu? Umepandishwa cheo?"

Nikamwambia ndiyo, nimepandishwa, na yeye ajifunze kuinama. Tulicheka wote.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitufokea karakanani: "Acha nafasi ya mjinga!" Redio ikihitaji waya mwembamba, wewe uliweka mnene. Rezista ikihitajika ndogo, uliweka mara mbili yake, ili hata akija mjinga na kuchezea, kitu kisiungue. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga huyo, najua. Lakini safari hii, mjomba, usinibanie sana. Kama zipo taa kali zaidi, tia hizo. Si kwa sababu yoyote. Napenda mwanga tu.

Mpwa wako,
Sumaku


29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Utasamehe kuchelewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Niliifunga, nikaifumua, nikaifunga tena. Mkaza mjomba wako alinikuta nimezima taa zote za chumba na kukaa gizani nikizitazama taa zako zikiwaka juu ya kabati, akauliza kama nimehamia dini nyingine.

Ndani ya kifurushi utakuta fungu la nyaya lililo tayari. Betri itakaa puani mwa ndege ili isiivute mkia. Waya mrefu ni wa mkiani. Viungo vyote nimevivalisha mpira. Washa swichi, hakikisha taa zote tatu zimewaka, kisha rusha. Usibadilishe chochote.

Ngazi zenye mafuta hufutwa. Kama ngazi yenu ina mafuta, mwambie msimamizi aifute leo hii. Kama haina mafuta, niandikie.

Hukunijibu swali langu. Sikulazimishi. Ila ujue kwamba nimeliona lile pengo ulipoliruka, na kwamba mimi si mtu wa kulala vizuri.

Mjomba wako


24 Aprili

Mpwa wangu,

Je, kifurushi kilifika? Posta wanasema kilikabidhiwa. Sitaki kusumbua. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza umekula nini hata huandiki.

Jana simu ililia. Nilikaa kitini kama kawaida yangu ndipo nikaipokea. Alikuwa muuza mkaa anauliza idadi ya magunia.

Neno moja linatosha.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kilifika, asante sana. Mimi mzima. Taa zilikuwa nzuri. Kazi zimenizidi, ndiyo maana nimekawia. Msalimie mkaza mjomba. Tafadhali usinipigie simu, hata mimi siku hizi ikilia nashtuka.

Sumaku


14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Unasema taa zilikuwa nzuri. Unasema wewe u mzima, ambalo sikukuuliza. Unaniomba nisipige simu, wakati mimi ndiye niliyekataza simu, na wewe ulinicheka kwa hilo tangu ukiwa msichana.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo nausikia huku niliko. Sasa nakuandikia kama ndugu wa mama yako, wala si kama fundi. Kuna nini? Ikiwa umevunja ndege, ndege hutengenezwa. Ikiwa umeumia, nitakuja. Ikiwa umemuumiza mtu, nitakuja haraka zaidi. Na ikiwa ni lile jambo jingine, ambalo wewe hulitaji na mimi silitaji, basi wa kwanza kulitaja awe wewe, kwa sababu macho ni yako.

Sasa nimelitaja. Andika.

Mjomba wako


26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimemuumiza mtu. Ni Kipenga. Anaendelea vizuri, lakini nakuomba usome yote kabla ya kufunga mzigo wako.

Taa zako zilipofika nilizifunga siku hiyo hiyo. Nilipoziwasha mezani zilikuwa kali kweli, lakini mimi nilijiambia: mjomba ni mjomba, ameacha nafasi ya mjinga, ndani yake umebaki mwanga mwingine sawa na huu. Nilitoa ule mpira, nikachomelea rezista ya pili ubavuni mwa kila moja, ili umeme upate njia mbili badala ya moja. Sikusoma hata milia ya rangi inayotaja kiasi cha rezista zako. Niliujua mkono wako, nikaona kusoma ni kupoteza muda. Niliwasha kidogo, chumba kikawa cheupe, nikazima. Niliona raha, mjomba. Nilihisi kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Nitakuambia nilikuwa nataka nini. Nilikuwa najipima. Nilisema moyoni: nikiiona ndege jioni kwa taa hizi, basi macho yangu ni mazima na shida ni giza tu. Swali lako nalijibu sasa. Ndiyo. Wenzangu huiona bila taa. Huiona mpaka mwisho wa wekundu wa mbingu. Mimi huipoteza jua linapozama tu, kana kwamba mtu ameifuta kwa kitambaa.

Tulikuwa kilimani, mimi, Kipenga na watu wawili wenye ndege zao. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Kipenga alipoziona taa akasema, "Hii ni ndege au duka la kinyozi?" Nikairusha. Ilipanda vizuri. Nyekundu, kijani, nyeupe, nikaziona zote! Nilianza kuimba. Kisha nyekundu ikazima. Nikadhani bawa limeinama. Kijani ikazima. Nyeupe ikawa ya bluu kwa kitambo, halafu nayo ikazima, na mbele yangu hakukuwa na kitu chochote.

Nikamuuliza, "Kipenga, iko wapi?"

"Si hiyo hapo mbele yako."

"Mbele wapi?"

"Acha utani, dada. Hiyo hapo, kubwa kama mlango!" Alikuwa anacheka. Wale wawili pia walikuwa wanacheka. Kisha nikasikia Kipenga ameacha kucheka, yeye peke yake.

"Dada, huioni?"

Vidole vyangu vilikuwa kwenye rimoti na sikujua nivipeleke upande gani. Niliusogeza usukani kidogo, kama mtu anayepapasa swichi ukutani.

"Inageuka," akasema. "Inakuja. Vuta juu. Vuta, dada! Vuta!"

Nilivuta, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilisikia upepo kwenye mabawa kabla ya kuona lolote. Yeye alinisukuma. Bawa likampiga yeye usoni, likampasua juu ya jicho. Ingeshuka upana wa kidole, jicho lingekwenda. Nilipapasa uso wake, na damu niliigusa kabla ya kuiona.

Aliketi kwenye nyasi amejifunga shati kichwani. Nilikuwa nalia na kuomba radhi. Akaninyamazisha. Akasema, taratibu kabisa, "Dada, mimi ndiye ninayesimama chini ya mzigo wako."

Ni hayo tu aliyoyasema. Natamani angenipiga.

Hajamwambia mtu. Pale kazini amesema aligongwa na mlango wa kabati. Ameniambia, "Mimi sitasema. Utasema wewe, kabla ya zamu ya jioni kuanza." Kila asubuhi napanda, na kila mzigo ninaoinua naona nyuzi alizoshonwa juu ya jicho zikinitazama kutoka chini. Mchana naona, mjomba, naapa naona. Lakini kontena likitia kivuli najua kuna kipande cha dunia ambamo simo. Usiku natembea nyumbani mwangu nikihesabu kwa mkono: meza, kiti, mlango. Juzi nilijikuta nimekamata kiti kabla ya kukata kona, nikasimama pale pale. Sikuwa nimejifunza kufanya hivyo. Mkono wangu ulifanya wenyewe, kama mkono wa mama.

Naogopa. Nikishuka kwenye winchi, mimi ni nani? Na nikipanda, nitamuua nani?

Sumaku


5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Msalimie Kipenga kwa heshima zangu zote. Mwambie kuna mzee anayedaiwa naye mkono wa shukrani.

Nianze na taa, kwa sababu mkono wangu unatulia nikianza na ninalolijua. Hukukosea kunijua. Maisha yangu yote nimeacha nafasi ya mjinga. Lakini safari hii sikuiacha. Ulipoandika habari za giza linaloingia haraka nilihisi, na uliponiomba taa kali nikajua. Sikuthubutu kukuuliza waziwazi. Nilichofanya ni kukaa na kupunguza rezista, na kupunguza, mpaka ukingo wa mwisho ambao taa inaweza kuuvumilia. Nilijiambia: mpwa wangu haoni vizuri, basi nimpe mwanga wote uliopo, bila ya yeye kujua kwamba najua. Nafasi ile uliyodhani imebaki nilikuwa nimeshaitumia kwa ajili yako. Wewe nawe, bila kuniambia kitu, ukaitumia mara ya pili. Taa ziliungua kwa sababu tulikuwa watu wawili tunaotibu kimyakimya maradhi yale yale.

Huo ndio ufundi wote. Sasa lile jingine.

Mama yako alianza hivi hivi. Jioni alikuwa akigonga ndoo zilizokuwa mahali pake pa siku zote, na sisi tulicheka. Alisema zimehamishwa. Unayajua haya, ulikuwepo. Wewe na mimi tumeyajua siku zote, tukayazunguka kama watu wanaozunguka shimo uani. Sijui kama ulicho nacho ni kile chake. Mimi ni fundi wa redio. Yuko daktari wa macho, na kazi yake ni kukuambia.

Lakini kuna jambo ambalo daktari hahitajiki kuliamua. Usipande. Sisemi kuanzia Julai, nasema kuanzia siku utakayoisoma barua hii. Mzigo ulio juu ya kichwa cha mtu unataka nafasi ya mjinga, na wewe yako imekwisha; unainua kwa ile ya Kipenga. Umeuliza ukishuka wewe ni nani. Utakuwa Sumaku aliyesimama chini. Nenda kwa msimamizi ukiwa umenyooka, useme kwa kinywa chako, kisha nenda hospitali.

Nimekuandikia kwa ukali kwa sababu naogopa. Neno hilo sijapata kuliandika kwenye barua. Nimelitazama nikitaka kulifuta, nimeliacha.

Mjomba wako


27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mchana nikiwa nimeketi kidato cha chini kabisa cha ngazi ya winchi, kofia mkononi. Kipenga alikuwa ananitazama kwa mbali. Niliikunja, nikainuka, nikaenda ofisini badala ya kupanda. Msimamizi alidhani nataka likizo. Nilipomwambia, akauliza, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu kabla sijakubali mwenyewe." Hakunifukuza. Hakunisifu pia. Alichukua funguo za kibanda mkononi mwangu, na mkono ulipobaki mtupu nilihisi kama umekatwa.

Hospitali walinikalisha mbele ya bakuli jeupe, kidevu juu ya kigingi, jicho moja limefunikwa, na kitufe mkononi. Mhudumu akaniambia, "Tazama katikati tu. Ukiona nukta ya mwanga popote, bonyeza." Ziliwaka nukta kadhaa pale katikati, nikabonyeza. Kisha kikaja kimya. Nikangoja. Nilidhani mashine imeharibika. Nikangoja mpaka machozi yakanitoka kwa kukodoa. Mhudumu akaniuliza kwa upole, "Dada, umelala?"

Mjomba, nukta zilikuwa zinawaka wakati wote ule.

Ni kile cha mama. Daktari amesema kinakuja polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati, na kwamba cha kwangu bado hakijafika mbali. Katikati naona vizuri, nasoma, na barua hii naiandika mwenyewe bila kubahatisha. Nilimuuliza imebaki miaka mingapi. Akasema hawezi kunidanganya na hawezi kuniambia. Nilitoka nje kwenye jua, nikasimama nikitazama kila kitu kama mwizi anayekusanya.

Wamenipa kazi ya kukagua minyororo na kamba za chuma, mchana, ndani ya ghala. Napitisha vidole kwenye kila pete nikitafuta ufa. Vidole vyangu havijapungukiwa na kitu. Na unajua nimegundua nini? Kila mnyororo una chapa ya uzito unaoruhusiwa kubeba, lakini mzee wa ghala aliniambia kwamba ulio mzima huweza kubeba mara kadhaa ya uzito huo kabla ya kukatika. Nikacheka peke yangu. Nikamwambia hiyo naijua, ina jina lake, na nikamwambia jina hilo. Sasa ghala zima wanalisema.

Juu ya winchi amepanda kijana mwingine. Kipenga anasimama chini yake. Jana alikuja ghalani na kovu lake, akasema, "Yule dogo anaona kila kitu, lakini hana adabu. Hajui hata kujibu." Kisha akaniuliza ndege iko wapi. Nikasema imevunjika pua. Akasema pua huungwa. Naogopa bado, mjomba. Naogopa asubuhi nikifumbua macho, kabla sijajua kama mwanga umepungua au ni mawingu. Lakini siogopi tena kwa siri, na hilo limenipa walau usingizi.

Ukipata nafasi, njoo.

Sumaku


6 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nilimsomea mkaza mjomba wako kwa sauti. Nilipofika kwenye zile nukta nilishindwa, akaipokea yeye akaimalizia. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ninakuja tarehe 20. Nimefunga fungu jipya la nyaya. Safari hii rezista ni mara mbili ya zinazohitajika, na nimeandika kiasi chake juu ya kila mpira kwa herufi kubwa. Taa zitakuwa hafifu, wala hazitakutosha, na ninakuambia mapema kwamba hazitakutosha. Hazikusudiwi kukutosha. Ndege tutairusha mchana, na mawingu yakifunga au jua likianza kuinama, mimi na Kipenga tutasimama kando yako na kukuambia iko wapi. Usipotuuliza, tutasema vilevile. Gundi ya pua ninayo.

Kiti cha mama yako nimekitoa kwenye kona. Nilitaka kukuletea, mkaza mjomba wako akanizuia. Amesema kwako utachagua mwenyewe cha kushika. Nadhani amesema kweli.

Jambo la mwisho. Basi linafika kwenu jioni, saa ambayo wewe huioni njia na mimi siijui. Usimtume mtu. Njoo mwenyewe mapema, usimame penye taa ya stendi nikuone. Tutashikana mikono, wewe ukinielekeza na mimi nikitazama, na tutafika.

Mjomba wako